Karatasi Zilizokatiwa Majoho

Neno "mama" lilikuwa limekatwa katikati. Nusu yake ilibaki kwenye kwapa la joho, nusu ya pili ilikwenda na mkasi. Mama Pindo alisimama mbele ya ukuta wa duka lake la ushonaji, mkoba bado uko begani, funguo bado ziko mkononi, akaisoma ile karatasi iliyoning'inia msumarini kama mtu anayesoma tangazo la msiba wa kwao. Karatasi ilikuwa ya kaki, imekatwa umbo la mkono mpana wa joho la kwaya. Na mwandiko wa buluu uliopita juu yake, kuanzia begani mpaka kwenye kifundo, ulikuwa mwandiko wake mwenyewe.

Akaitoa msumarini, akatazama iliyokuwa nyuma yake. Hiyo ilikuwa mgongo. Iliyofuata ilikuwa kifua cha kulia, shingo imechongwa mviringo safi usio na kigugumizi, maana wifi yake akikata shingo huwa hakosei. Kisha kola. Kisha mkono wa pili. Zote zimeandikwa, na zote zimekatwa.

Watu walimwita Mama Pindo kwa sababu ya mapindo yake. Sketi iliyopita mikononi mwake ingeweza kufuliwa mpaka rangi ikaisha, pindo likabaki palepale. Jina lake la ubatizo lilikuwa limebaki kwenye cheti tu. Lakini ilikuwepo kazi aliyoipenda kuliko mapindo, nayo ni kuandika, na kuandika kwake kulikuwa na ukaidi wake. Akikaa kitako na daftari, maneno yalimgomea. Akisimama kwenye meza ya kukatia, karatasi ya kaki imetandazwa mbele yake, futi shingoni na kalamu mkononi, maneno yalikuja yenyewe. Kwa hiyo hadithi nzima ya mama yake mzazi aliiandika hapo, wateja wakipungua, kwenye karatasi kubwa zilezile zinazokatwa mifano ya nguo. Karatasi ikijaa aliiviringisha kama bomba, akaifunga kwa ukanda wa kitambaa, akaisimamisha nyuma ya kabati. Yeye na wifi yake walishaelewana: lenye ukanda haliguswi.

Hadithi ile ilikuwa inasubiriwa. Kulikuwa na mhariri wa kiwanda kidogo kinachochapa vitabu vya kanisa, naye alikuwa akikusanya shuhuda za wanawake zitoke kitabu kimoja. Alimsikia Mama Pindo akisimulia kipande kwenye mkutano wa kina mama, akamwomba kwa mdomo wake mwenyewe aiandike yote. Ijumaa ya wiki ile ndiyo ilikuwa mwisho wa kupokea. Mama yake Mama Pindo hakuacha picha hata moja, na kaburi lake halikuwa na jiwe. Kitabu kile ndicho kingekuwa mahali pekee ambapo mtu angeweza kuweka kidole na kusema, huyu aliishi. Basi mwanamke mtu mzima akionekana ameshika kola ya karatasi asiiachie, sababu yake ilikuwa hiyo.

Wifi yake aliingia na chupa ya chai kwapani, anamsema mtu aliyemwaga maji ya kuoshea vyombo njiani na kumlowesha viatu. Alikuwa dada mdogo wa mume wa Mama Pindo, mwembamba, mwenye mdomo usiojua likizo, na cherehani ya pili dukani ilikuwa yake tangu duka lilipofunguliwa. Akaweka chupa mezani, akaona karatasi zimeshushwa ukutani, akaonya kwamba zile zisichanganywe, maana wanaume wa kwaya wana mikono mirefu.

"Nani amekata hizi?" Mama Pindo akauliza.

"Kwani duka hili lina mafundi wangapi, wifi?"

"Nimekuuliza."

"Mimi. Kwaya wanataka majoho yao, karatasi mpya zimekwisha, nikakata. Kwani zimekaa vibaya?"

Mama Pindo alianza chini, kama cherehani mtu anapoikanyaga polepole, kisha sauti ikakolea. Alimwambia kwamba ana mikono isiyo na macho. Alimwambia kwamba hata mbuzi kabla ya kula karatasi huinusa kwanza. Alimwambia kwamba kwa miaka yote amemvumilia maneno yake, kuchelewa kwake na tabia yake ya kuacha sindano kwenye kiti, lakini hili hapana, hili ni kumzika mama yake mara ya pili, na kwamba jioni atamwuliza kaka yake kama kwao ndivyo walivyofundishwa kuheshimu kitu cha mtu. Akasema ule ukanda hakuufunga uwe urembo.

Wifi alikuwa ameufumba mdomo muda wote huo, jambo lisilo la kawaida. Aliposikia ukanda akaufumbua.

"Ukanda niliuona. Na maandishi niliyaona, mimi si kipofu. Lakini wewe si ulimwambia mhariri kwenye simu kwamba umeshanakili yote? Nilikuwa nimekaa hapahapa napachika vifungo. Ukasema, nimeshanakili, imebaki kuifunga tu. Nikasema moyoni, afadhali, karatasi zetu zimepata uhuru."

Mama Pindo akaiweka kola mezani.

Alikuwa amesema hivyo kweli. Mhariri alikuwa amepiga tena, sauti yake ya upole ina mkwaruzo wa mtu aliyechoka kusubiri, naye akaona aibu. Ukweli ni kwamba hakuwa amenakili hata mstari. Ulikuwa uongo mdogo wa adabu, ule ambao kila fundi nguo huusema akimwona mteja mlangoni: nguo yako tayari, bado vifungo tu. Nguo yenyewe mara nyingine haijakatwa.

"Ningejua ni uongo wa vifungo," wifi akasema polepole, akiusoma uso wake, "ningeziacha."

Kama hasira ingekuwa kitu chenye haki, ingeishia pale. Lakini ile ya Mama Pindo iligonga ukuta tu, ikageuka, ikarudi na kasi zaidi, sasa haina mtu mmoja wa kumwendea. Aliwakasirikia wote: wifi, mhariri na simu yake, kwaya na majoho yao, yeye mwenyewe, na Mungu aliyetazama mkasi ukipita asiseme kitu. Akauliza vipande vilivyobaki viko wapi, vile vya pembeni na vya katikati ya mkono na mgongo.

Wifi akatazama pasi ya mkaa iliyokaa juu ya kibao chake, mlango wake wa majivu wazi.

"Nimewashia," akasema.

Kabla jua halijapanda sana akaja Mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, yeye ndiye aliyeleta kazi ya majoho. Alikuwa mwanamke nadhifu, nguo zake hazijui mkunjo, na alikuwa na namna ya kushika mkono wa mtu kwa mikono yake yote miwili asiuachie. Wifi akamweleza yaliyotokea, ili pasiwe na kimya. Mwenyekiti akaushika mkono wa Mama Pindo. Akamkumbusha kwamba mambo yote hufanya kazi pamoja kwa mema ya wampendao Mungu. Akamkumbusha kwamba kila jambo lina majira yake. Akaongeza kwamba yawezekana Bwana anamwonyesha mtumishi wake karama yake halisi ni ipi, maana si kila mtu ameitwa kushika kalamu, wengine wameitwa kushika sindano, na sindano nayo ni huduma. Kisha akaomba, akaomba kwa kirefu.

Mama Pindo hakufumba macho. Aliutazama mkunjo mmoja tu uliokuwa kwenye kilemba cha Mwenyekiti, akautazama mpaka "amina". Maneno yale yalikuwa ya Biblia, hilo hakulikataa. Lakini yalimfikia kama nguo ya kuazima, imeshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine, inambana kwapani.

Kesho yake alikuja dukani na Biblia mkobani. Asidhaniwe kwamba alitafuta faraja. Alitafuta fimbo. Alikuwa amekumbuka, akiwa anasafisha mchele, kwamba katika masomo ya Jumapili ya utotoni palikuwa na mfalme aliyekata kitabu cha nabii kwa kisu. Jina la mfalme lilimtoka, lakini kisu alikikumbuka vizuri sana. Akakitafuta mpaka akakipata, ndani ya Yeremia, akaweka kidole.

Wifi alikuwa anapiga pasi joho la kwanza. Mama Pindo hakumsalimu. Akasimama katikati ya duka, akasoma kwa sauti kubwa, kama anayeusomea mtaa mzima. Akasoma jinsi Yeremia alivyosema maneno ya Bwana na Baruku mwandishi akayaandika kwa wino. Akasoma jinsi kitabu kilivyofikishwa nyumba ya mfalme wakati wa baridi, moto unawaka mbele yake. Akasoma jinsi msomaji alivyosoma kurasa chache, na mfalme akazikata kwa kisu, akazitupa motoni, zinazofuata vivyo hivyo, mpaka kitabu kizima kikaisha. Alipofika mahali pasemapo kwamba mfalme na watumishi wake hawakuogopa wala kuyararua mavazi yao, alisoma polepole, akitazama pasi. Kisha akaifunga Biblia kwa kishindo.

Wifi akanyunyiza maji kwenye joho, akalikandamiza.

"Mfalme ndiye mimi," akasema.

"Sijataja mtu."

"Na sura imeishia hapo?"

"Imeishia."

"Mbona kidole chako kimebaki katikati ya ukurasa?"

Kidole kilikuwa kimebaki, kweli, kimebanwa humo ndani kama kidole cha mwizi mlangoni. Mama Pindo angeweza kukitoa. Lakini alikuwa mtu aliyefundishwa tangu utoto kwamba Neno halikatwi, na sasa alikuwa amelikata mwenyewe mbele ya mtu anayemlaumu kwa kukata. Akafungua. Akasoma kilichobaki, haraka na bila sauti ya mahubiri: kwamba neno la Bwana likamjia Yeremia, achukue kitabu kingine, ayaandike ndani yake maneno yote ya kile cha kwanza. Naye Baruku akayaandika tena, na maneno mengine mengi ya namna ile yakaongezwa.

Mkaa ulilia kidogo ndani ya pasi.

"Sijasikia mahali Baruku alipomnunia mtu," wifi akasema.

"Baruku alikuwa na Yeremia wa kumsomea upya. Mimi nina nani?"

"Una mikono miwili, mgongo, kifua na kola. Na una mimi. Mimi ndiye niliyeilaza mifano, najua kila kipande kilitoka upande gani wa karatasi. Nitakupangia zote mezani kama zilivyokuwa. Patakapokuwa na tundu, hapo utajua mwenyewe na Mungu wako."

Mama Pindo alimjibu kwamba hataki msaada wa mtu, akaketi kwenye cherehani yake, akashona mishono ya hasira mpaka uzi ukakatika mara kadhaa. Alitaka fimbo, akapewa kazi. Hilo ndilo lililomuuma. Kama angeambiwa pole, angekuwa na haki ya kulia. Lakini Baruku hakuambiwa pole. Moto umekula kazi yake yote, na neno lililokuja halikuwa na hata chozi: chukua karatasi nyingine.

Mchana, akijifanya anatafuta pini, akaifungua tena Biblia, aone kama huyo Baruku hakulalamika popote. Akamkuta, sura chache mbele, naye kumbe alilalamika kama mtu. Alisema ole wake, Bwana amemwongezea huzuni juu ya maumivu, amechoka kwa kuugua kwake wala hapati raha. Mama Pindo akampenda hapohapo. Akasoma mbele aone alivyobembelezwa. Hakubembelezwa. Aliulizwa kama anajitafutia mambo makuu, akaambiwa asiyatafute. Aliahidiwa uhai wake tu, basi.

Mama Pindo alipata joto usoni. Maana kulikuwa na gauni. Hakumwambia mtu, lakini alikuwa amenunua kitambaa cha zambarau cha gauni la siku kitabu kitakapozinduliwa, na alikuwa amekwisha kujiona amesimama mbele ya watu, akiitwa mwandishi, Mwenyekiti akiwa amekaa chini anapiga makofi. Gauni lenyewe alishalikata, likashonwa, likakunjwa kabatini. Lilibaki vifungo tu.

Akainuka, akachukua simu, akatoka nje kibarazani, akampigia mhariri. Hakuzunguka. Alimwambia kwamba alimdanganya, kwamba hakuwa amenakili hata mstari, na kwamba sasa karatasi zimekatwa na nyingine zimeungua. Mhariri akasema, bila kupandisha sauti, kwamba kuna wanawake ambao kazi zao alizikataa ili nafasi ya Mama Pindo ibaki, nao walikuwa wametuma kwa wakati.

"Na kitabu chenyewe ni cha shuhuda, Mama Pindo," akamaliza. "Ijumaa mchana nitapita hapo. Kama ipo, ipo. Kama haipo, kinakwenda bila mama yako."

Alirudi ndani macho makavu, taya limekaza. Akakuta meza ya kukatia imeondolewa vitambaa vyote. Wifi alikuwa amepanga karatasi mahali pake, mkono mkabala na mkono, mgongo katikati, kifua ubavuni, kola juu, na katikati yake mbao tupu za meza zikionekana pale maneno yaliyowashia pasi yalipokuwa. Pembeni alikuwa ameweka daftari jipya na kalamu.

"Daftari linanigomea," Mama Pindo akasema kwa ukali.

"Basi simama," wifi akajibu. "Nani amekuambia daftari lazima likaliwe?"

Wakaanza. Wifi alisoma, akiinama juu ya karatasi na kidole chake chembamba, anatangaza kama kondakta anayetaja vituo: mkono wa kushoto, begani. Kwapa. Chini kwenye kifundo. Mama Pindo alinakili amesimama. Penye tundu aliandika upya, mengine aliyakumbuka neno kwa neno, mengine yalimjia tofauti. Yalipita hivyo mambo ya utoto wa mama yake, ndoa yake, na jinsi alivyokuwa mfuaji wa vitambaa vya kanisa, akivifua kwa mikono, akivianua kabla jua halijavipausha. Mpaka wakafika mgongoni.

Wifi akasoma: "'Hapo ndipo mama alipopatwa na jaribu dogo, akalishinda kwa sala, akaendelea kumtumikia Bwana kwa furaha.'" Akanyoosha kiuno. "Jaribu gani hilo dogo?"

"Limekwisha andikwa. Soma mbele."

"Nasoma mbele nini? Mtu ana jaribu halafu ana furaha, katikati hapana kitu. Mimi ningekuwa msomaji ningekirudisha kitabu dukani."

Mama Pindo akaweka kalamu chini. Na kwa mara ya kwanza katika miaka yote waliyokaa cherehani kwa cherehani, akamweleza wifi yake.

Kanisani kwao palikuwa na kitambaa cheupe cha meza ya Bwana, kimedariziwa kingo zote nne. Jumapili moja kilikutwa kimeungua, alama ya pasi imekaa katikati kama kiatu. Mama yake ndiye mfuaji, basi ikawa ni yeye. Alisema hakukipiga pasi yeye, alikiacha kimekunjwa kabatini. Wazee wa kanisa hawakumsikiliza. Wakamwondoa kwenye huduma, wakamzuia meza ya Bwana, wakamwonyesha benchi la nyuma, la waliotengwa. Alilikalia benchi lile mpaka nywele zikawa nyeupe. Baadaye sana ikajulikana kwamba aliyekipiga pasi ni mke wa mwinjilisti, mgeni anakuja, alitaka kitambaa kinyooke zaidi. Wazee walijua. Hakuna aliyesimama mbele ya watu akasema, tulimkosea. Na siku mama yake alipozikwa, wazee hao hawakuja. Walikuwa na kikao.

"Mke wa mwinjilisti yupi?" wifi akauliza, sauti yake ndogo.

"Mama yake Mwenyekiti."

Wifi akavuta kiti akakaa. Hakuwa na mzaha. Akauliza kwa nini aliliita jaribu dogo.

Mama Pindo alisema kwamba alidhani ndivyo Mkristo anavyoandika, kitu cha kujenga, kisimkwaze mtu. Alipolisema hivyo likamchukiza mdomoni mwake mwenyewe. Maana alikuwa ametoka kusoma kitabu ambacho hakikumficha mfalme na kisu chake. Akaanza kutembea toka mlango hadi kabati, anasema kwa sauti, si kwa wifi hasa. Daudi alikuwa mfalme, na habari ya Uria ipo. Petro alikuwa nguzo ya kanisa, na jogoo wake anawika mpaka leo. Baruku alilalamika, na malalamiko yake yakaandikwa, na jibu kali alilopewa likaandikwa vilevile, na aliyeyaandika yawezekana ni yeye mwenyewe. Wale hawakuandika jaribu dogo. Yeye ndiye aliyekata kwanza, kabla ya mkasi wa mtu yeyote.

Akarudi mezani. Alikandamiza kalamu mpaka ikachora karatasi ya chini. Aliandika kitambaa, aliandika alama ya pasi, aliandika benchi na ukuta uliokuwa nyuma yake wenye unyevu uliomharibia mama yake mgongo. Aliandika kile kikao. Na aliandika jambo ambalo hata yeye hakuwa amelikumbuka kwa miaka: kwamba mama yake, akiwa benchi la nyuma, alikuwa akiomba kwa hasira. Hakuomba kwa upole hata kidogo. Alimwuliza Mungu mpaka lini, meno yamekaza, Jumapili baada ya Jumapili, na hakuacha kuja kumwuliza. Huko ndiko kulikuwa kuendelea kwake kumtumikia Bwana.

Alhamisi Mwenyekiti alifika kuchukua majoho yaliyokuwa tayari. Akaiona meza, akaona daftari limejaa. Akasema kwa tabasamu kwamba Mama Pindo ni mtu wa imani, hakukata tamaa. Wifi akajishughulisha na bobini ya cherehani yake iliyokuwa haina tatizo.

"Naandika habari ya kitambaa cha meza ya Bwana," Mama Pindo akamwambia. "Na ya pasi."

Mwenyekiti alikaa kwenye benchi la wateja, joho mikononi. Tabasamu lilichelewa kuondoka usoni, halikuambiwa mapema.

"Mama yangu amekufa," akasema.

"Na wangu."

"Mambo ya zamani hayo. Yatamjenga nani?"

"Aliyekalia benchi la nyuma. Wapo mpaka leo, Mwenyekiti, nenda katazame Jumapili. Wanasoma shuhuda zetu tamu, wanadhani Mungu anawajua watu wa mbele tu."

Mwenyekiti alisema kwamba majoho yanaweza kumaliziwa na fundi mwingine. Wifi, bila kugeuka, akasema inawezekana, mama, mifano ndiyo ile mezani, ila imeandikwa. Mwenyekiti alilikunja joho, akalikunjua, akalikunja tena, mikono yake ikitafuta mkunjo wa kunyoosha.

"Utataja jina lake?" akauliza mwishoni.

"Nataja jina la mama yangu tu. Hilo ndilo lililokosa mahali."

Aliondoka na majoho yake, hakumshika mtu mkono, wala hakuomba. Pale mlangoni alisimama kidogo, amewapa mgongo, kama aliyesahau kitu. Kisha akashuka ngazi.

Ijumaa gari la mhariri lilipopiga honi nje, Mama Pindo alikuwa kwenye kola, mistari ya mwisho. Hakuinua kichwa. Mhariri akaingia, akasimama, akatazama saa yake, akamtazama mwanamke aliyesimama wima anaandika kama anayegombana na meza. Wifi akamwonyesha benchi. Akakaa. Wifi akamwambia kwamba hapa wateja wote husubiri, asijione mnyonge.

Mama Pindo akaweka nukta. Akalifunga daftari, akampa kwa mikono miwili. Mhariri akasoma ukurasa wa kwanza palepale, akaruka katikati, akafika penye pasi, akaacha kutazama saa. Akasema hii ni kali kuliko ile aliyoisikia mkutanoni, na kwamba kuna watu watampigia simu. Mama Pindo akamjibu kwamba wampigie yeye mwenyewe, namba yake ameiandika mwishoni mwa daftari. Mhariri akalitia daftari mkobani akaondoka. Hakumsifu, wala hakumwambia kama amemsamehe.

Hasira haikuwa imekwisha. Alipoketi aliihisi bado, imekaa kifuani kama mkaa ndani ya pasi. Lakini sasa ilikuwa na mpini.

Wifi alikuwa amekusanya mikono, mgongo na kifua, anavigonga mezani vilingane. Kulikuwa bado na majoho ya kukata, ya wale wanaume wenye mikono mirefu. Akachukua mkasi, kisha akausimamisha hewani.

"Nikate?" akauliza. "Hizi umezinakili kweli, au ni zile za kwenye simu?"

"Nimeshanakili," Mama Pindo akasema. "Kata."